Ng'ombe wa Mama Mkwe

Katika mtaa ule, herufi zote za ukutani zilikuwa za Kaka, na picha zote za mdogo wake, waliyemwita Bi Brashi. Ndivyo walivyogawana kazi tangu baba yao, mchora mabango, alipowaachia ngazi na makopo ya rangi. Kaka aliandika "Saluni" kwa herufi zilizonyooka kama askari wa gwaride. Bi Brashi akachora vichwa vilivyonyolewa vizuri kuliko kinyozi mwenyewe alivyoweza kunyoa.

Siku moja mwenye bucha akawaita. Alitaka ng'ombe mkubwa ukutani, mnene, "anayemtazama mteja usoni." Kaka alimaliza maandishi yake mapema, akaketi kunywa chai. Bi Brashi akabaki na ng'ombe. Mwili ulikubali, pembe zikakubali, macho yakagoma. Kila alipoyachora, ng'ombe alionekana kama ametoka kupokea habari za msiba.

Isitoshe, mama mkwe wa mwenye bucha alikuwa ameweka kiti barazani, anasimamia kazi bila kuombwa.

"Mkia huo umeuchora au umeubandika?"

"Nitaurekebisha, mama," alijibu Bi Brashi, akimeza hasira kama dawa chungu. Kila akigeuka, anakutana na macho makubwa, kope nzito, yasiyoridhika na kitu. Hatimaye akaacha kufikiri, mkono ukaendelea wenyewe.

Aliposhuka ngazi na kurudi nyuma kutazama, akaona alichokifanya. Mama mkwe alikuwa ukutani. Ana pembe.

"Kaka, njoo uone."

Kaka akatazama ukuta, akatazama kiti, chai ikampalia. "Futa!"

"Nifute vipi, naye kanikodolea macho?"

Wapita njia walishaanza kusimama. Mwenye bucha akatoka, akaangalia mara moja tu, akarudi ndani mbio; huko akasikika akikohoa kikohozi kisicho cha mafua.

Mama mkwe akainuka, akausogelea ukuta, wakawa pua kwa pua na ng'ombe.

"Mama, unisamehe, sikukusudia..."

"Nyamaza kwanza. Haya macho ya nani?"

Bi Brashi akaona uongo hautamfikisha mbali. "Yako, mama."



"Marehemu mume wangu alinioa kwa macho haya," bibi yule akasema polepole. "Tangu nimzike, hakuna aliyeyatazama sawasawa. Wote wanatazama chini." Akavua hereni yake moja, akamkabidhi mchoraji. "Mtie na hereni kama hii."

"Ng'ombe, mama?"

"Kwani atatoka hivihivi?"

Kaka akalalamika kwamba jina la baba yao litachekwa. Bi Brashi hakumsikia. Alikwishapanda ngazi, anachanganya njano na kahawia kutafuta rangi ya dhahabu, mabega yakimtikisika kwa kicheko.

Siku hizi watu huelekezana kwa ng'ombe mwenye hereni. Na mwenye bucha, kila akifungua duka asubuhi, hujikuta ameuamkia ukuta: "Shikamoo, mama."