Mstari wa Pasi Kwenye Vazi la Mpira

Naapa kwa pasi iliyonilisha miaka arobaini na moja: haya yote ni kweli tupu. Kama kuna chumvi humu, ni ya kuonjea tu.

Nilikuwa dobi wa hospitali. Kazi hiyo hakunifundisha mtu, nilijifunza kwa kuunguza. Mwishowe nikawa napiga pasi mpaka koti la mganga mkuu linasimama lenyewe. Siku moja lilihudumia wagonjwa wawili kabla mwenyewe hajafika kazini. Wagonjwa wenyewe wangethibitisha, ila walishapona wakaenda zao.

Sasa nimestaafu, naishi na binti yangu na mjukuu wangu wa kike, ambaye tunamwita Fisimaji kwa sababu tangu utotoni ukimtafuta nchi kavu humpati. Fisimaji ana hamu moja tu maishani: awe mwokoaji pale ziwani. Mtihani ni mara moja kwa mwaka, na maji ya lile ziwa ni baridi ya kung'oa meno. Mwaka jana aliingia na vazi la mpira la kuogelea kwenye baridi, alilorithi kwa mjomba wake. Likampwaya mgongoni, baridi ikamwingia, vidole vikafa ganzi, na yule aliyejifanya anazama ndiye akamtoa yeye. Alilia wiki nzima. Mwaka huu akajinyima mpaka akaweza kununua lake mwenyewe, nami nikamsindikiza dukani kwa kuwa nguo nazijua.

"Chukua kubwa kidogo," nikamshauri. "Utakuja kulijaza."

"Babu, nina miaka ishirini na mbili. Nikue niende wapi?"

Mama mwenye duka akacheka. "Mzee wangu, hii si sare ya shule. Maji kidogo yanaingia kati ya mpira na ngozi, mwili unayapasha moto, yanakaa humo kama blanketi. Likipwaya, kila ukirusha mkono blanketi linatoka na barafu inaingia."

Akamwinua mikono, akamchuchumaza, akampapasa kiunoni na makwapani akitafuta penye uwazi. La kwanza lilivimba mgongoni. La pili lilimkaba shingo. La tatu alihangaika nalo robo saa akihema, lakini lilipoingia, lilikuwa kama amezaliwa nalo.

Kisha yule mama akaanza kueleza utunzaji: suuza kwa maji baridi ndani na nje, anika kivulini, likunje kiunoni ulitundike, usilining'inize kwa mabega, na moto usilione kabisa. Sehemu hiyo mimi nilikuwa natazama feni ya dukani. Mtoto wa jana anifundishe mimi kufua?

Alhamisi, siku mbili kabla ya mtihani, Fisimaji akarudi kutoka mazoezini mbio mbio, akaniwekea mfuko wake mlangoni.

"Babu, nisuuzie tu. Kusuuza tu, babu yangu."

"Nenda kazini, mama. Umemkabidhi mwenyewe."

Nikalitoa vazi. Nikaona kiraka gotini, nikatikisa kichwa: vijana wa siku hizi, hata nguo mpya wanauziwa na viraka. Nikalitia kwenye beseni la maji moto na sabuni ya kutosha, nikalisugua, nikalianika juani kwenye kamba. Lilipokauka nikalitazama, roho ikakataa. Mjukuu wa dobi asimame mbele ya watahini na mguu usio na mstari? Nikawasha pasi.

Mguu wa kushoto, nilipopitisha mara ya kwanza, mstari ulitoka mzuri sana, nataka mjue hivyo. Ya pili, pasi ikagoma kutoka. Ikapanda harufu kama lori limeshuka mlima mzima kwa breki. Nilipoinasua, pande za mbele na nyuma za mguu ule zilikuwa zimeshikana kama kurasa za daftari lililolowa. Hata mkono haukupita.

Moyo ukanishuka mpaka kwenye kandambili. Nikamkumbuka yule mtoto anavyoamka alfajiri mwaka mzima, anavyotoka na viatu mkononi ili asiniamshe, na mimi niko macho namsikiliza. Nikakimbilia dukani. Limefungwa mpaka Jumatatu. Nikarudi, nikalisokomeza vazi uvunguni mwa kitanda changu na kukaa kitini nikitunga.

Jioni wakarudi wote wawili, binti yangu na Fisimaji.

"Babu, vazi liko wapi?"

"Keti kwanza, mama. Mbwa."

"Mbwa?"

"Mkubwa kama ndama. Karuka ukuta, kaling'oa kambani."

"Kalibeba kwa mdomo?"

"Kalivaa."

"Kalivaa, babu?"

"Miguu ya mbele tu. Ya nyuma ilimshinda. Kaondoka mbio kuelekea ziwani."

Binti yangu akanusa hewa. "Baba, na hii harufu ya mpira ulioungua?"

"Nimekwambia alikuwa anakimbia sana."

Fisimaji hakucheka. "Apa, babu."

Mimi maji nayajua ya beseni tu, yakinifika kifundoni naanza kusali. Lakini ulimi ukishateleza hauna breki. "Kama naongopa, Jumamosi niingie ziwani mimi mwenyewe, mbele ya watu."

Akainuka, akaingia chumbani kwake. Nilijua anakwenda kulia. Akatoka na vazi la mpira mkononi, jeusi, zima, linang'aa, halina kiraka popote.

Nikakaa chini. Nilikuwa tayari nimekaa kitini, kwa hiyo nilikaa sakafuni. Kwamba nimeumbuka, hilo halikunijia kabisa. Nilichoona ni miguu miwili ya lile vazi, kila mmoja na uwazi wake, nikahema kama hamali aliyetua gunia. Machozi yalinitoka, nikasema ni moshi.

"Lile lilikuwa la mjomba," akasema. "Nani alinifundisha kwamba nguo usiyoijua, pasi uijaribu kwanza kwenye pindo la ndani, mahali pasipoonekana?"

"Mimi."

"Basi. Nilikuona dukani unavyotazama feni. Nikajaribu kwanza kwenye pindo."

Binti yangu alikuwa ameshapiga magoti anavuta uvunguni. Alipolitoa vazi, akaunyanyua mguu uliopoteza umbo. "Mbwa huyu," akasema, "anajua kupiga mstari."

Jumamosi watahini walitaka mtu wa kuzama. Fisimaji akanisukuma mbele kwa kidole kimoja. Ule mguu ulioshikana binti yangu aliukata kwa mkasi juu ya goti, nikavaa hivyo hivyo, mguu mmoja mrefu na mmoja kaptura. Wakanipeleka kwa mashua mpaka penye kina, wakaniteremsha. Lile vazi lilipwaya mgongoni, kama alivyosema mama wa duka. Kila nikirusha mkono, barafu mpya iliteremka kwenye uti wa mgongo. Somo lote nililoliacha kwenye feni nilifundishwa upya, pingili kwa pingili.

"Babu, piga kelele kama anayezama!" Fisimaji akaniita kutoka ufukweni.

Wala sikuwa naigiza.

Akaja akikata maji. Mkono wake uliponishika kidevu ulikuwa na joto, na vidole vyake vilikaza vyote vitano.

"Tulia, mzee wangu. Nimekupata."

Nikatulia. Akanivuta mpaka kwenye mchanga, mtahini mkuu akatazama saa yake, akaandika, akampa mkono. Amepita. Binti yangu akarukaruka na taulo langu mkononi, mimi natetemeka nikimsubiri amalize kushangilia.

Mtahini akaja kunijulia hali, macho yakamshuka mpaka miguuni.

"Mzee, mbona vazi lako lina mguu mmoja?"

Nikafungua kinywa. "Kulikuwa na mbwa mmo..."

Fisimaji akanitazama.

"Pasi," nikasema.