Kabla Dawa Haijakauka

Wenzake walimkuta Jogoo amesinzia akiwa wima, katikati ya mistari ya nyanya, bomba mgongoni, dawa ikimmwagikia kwenye buti lake mwenyewe. Jua lilikuwa la utosi. Ndani ya banda lile la plastiki joto lilikuwa kama la sufuria iliyofunikwa.

"Jogoo, leo unawika ndotoni?" mpiga dawa mmoja alimtania, akamshika bega.

Hakuna aliyecheka. Kila mmoja alikuwa na lake.

Jina hilo alipewa kwa sababu vyumba vyote vya wafanyakazi vilimtegemea yeye kuamka. Hakuwa na saa. Mwili wake ndio uliokuwa saa. Lakini tangu ilipoletwa dawa mpya ya wadudu, ile yenye harufu ya kitunguu saumu kilichooza, saa hiyo iliharibika. Usiku macho makavu, mchana kope haziinuki. Na hasira, hasira isiyo na kichwa wala miguu. Siku mkewe alipoangusha mfuniko wa sufuria, mlio ule ulimpasua kichwa. Kabla hajajijua, alikuwa amemsukuma mama wa watoto wake hadi kwenye fremu ya mlango, na damu ilikuwa inamtoka kwenye nyusi. Akakaa chini, akalia kwa kwikwi mbele ya watoto.

"Huyu si wewe, baba," mkewe alisema, kitambaa usoni. "Kuna kitu kimekuingia."

Daktari wa zahanati ya shamba hakumgusa. Alimuuliza anakunywa pombe gani. Aliposema hanywi, akampa vidonge vya usingizi na kumwambia apunguze mawazo.

Mawazo gani hayo yanayowaandama wapiga dawa peke yao? Mmoja alikuwa akijifungia chooni kulia. Mwingine alishinda akitetemeka mikono, akigombana hata na ndoo. Wachuma nyanya, waliokuwa wakiingia baadaye sana, walilala fofofo kama watoto. Basi wapiga dawa wakakubaliana kumkabili meneja: wapewe barakoa za kweli badala ya vitambaa, na mtu asirudishwe bandani kabla dawa haijakauka.

Nyapara wao alikuwa kaka wa mke wa Jogoo, na ndiye aliyemtafutia kazi. Alijipiga kifua. "Shemeji, damu nzito kuliko maji. Nitaanza mimi kusema. Wewe utadakia tu."

Wakakutana kwenye ghala la kufungashia, mabomba bado mgongoni. Nyapara hakuanza. Alitazama ncha za viatu vyake, na Jogoo akalazimika kusema mwenyewe. Alisema usingizi, akasema hasira, akasema dawa. Meneja alimsikiliza hadi mwisho, kisha akamgeukia nyapara.

"Wewe ni ndugu yake. Hizi hasira ni za dawa, au ni za mtu?"

Nyapara alikohoa. "Meneja, nisiwe mnafiki. Huyu ni shemeji yangu na nampenda. Lakini dada yangu amepasuliwa nyusi."

Meneja akamgeukia Jogoo.

"Ni kweli au si kweli?" meneja aliuliza, kwa upole wa mwalimu.

"Ni kweli, lakini..."

"Sijauliza lakini."

Jogoo aliwageukia wenzake. Aliyekuwa akilia chooni alikuwa anachunguza kucha zake. Aliyetetemeka mikono alikuwa ameificha mifukoni.

"Mtu anayempiga mkewe," meneja alisema, "nimkabidhi sumu?"

Hiyo ilikuwa mara ya kwanza mkubwa yeyote wa shamba lile kuiita sumu. Siku zote ilikuwa dawa. Jogoo akavua bomba, akaliweka chini.

Nyumbani mkewe alisikiliza hadithi yote amesimama.

"Mimi nilimwambia kaka yangu," alisema hatimaye. "Sikumwambia nyapara."

Jua lilipopoa, kaka mtu akaja. Hakuingia, alisimama mlangoni, akaongea na dada yake kana kwamba yuko peke yake.

"Chumba ni cha shamba, unajua. Asiye na kazi hana chumba. Nimekuombea, meneja amekubali nafasi ibaki ndani ya familia. Ni kupiga dawa tu, dada. Usiponishukuru leo utanishukuru kesho."

Jogoo aliitafuta ile hasira iliyowahi kuja kwa ajili ya mfuniko. Haikuja. Watoto walikuwa wamekaa kitandani, wanamwangalia mama yao. Mama yao aliwaangalia, akaangalia paa, akaitikia kwa kichwa.

Asubuhi Jogoo alimsindikiza mkewe hadi getini, mahali wapiga dawa wanapokabidhiwa mabomba. Bomba lilikuwa kubwa kwa mgongo wa mkewe. Mikanda ilimteleza mabegani, naye hakujua pa kuikamatia. Wengine walikuwa wameshaanza kuingia. Jogoo alipiga magoti nyuma yake kwenye vumbi, akatafuta vifungo.

"Inakubana?"

"Hapana."

"Ikilegea, dawa itakuvujia mgongoni," alisema, akaivuta mikanda tundu moja zaidi.