Nipe Mji

Kwetu ukishindwa kitendawili unadaiwa mji. Unaweza kutoa wowote, hata ambao hujawahi kuuona, na mtegaji akiupokea unakuwa wake. Atasema amekwenda, amefika, kisha ndipo akufumbulie. Hivyo nilimfundisha mwanangu Shamimu, na yeye akamfundisha binti yake, Tunu.

Shamimu alikuwa mwalimu Ujiji. Tunu niliishi naye mimi hapa Gongoni, Tabora. Mama yake alipokuja likizo ya mwisho alikaa mbele ya kompyuta yake ndogo ya kukunja, akajirekodi akitega vitendawili, na kila mahali pa mtoto kuitikia akapaacha kimya. Kompyuta akatuachia. Alimwambia Tunu, ukinikumbuka bonyeza hapa.

Mwaka haukwisha, homa ikamchukua. Walimzika huko huko Ujiji, nami nilikuwa nimelazwa hospitali ya Kitete, presha imepanda, sikwenda. Kaburi lake hatujaliona, mimi wala mtoto. Vitu vyake vilikuja kwa basi, nikavipanga katika chumba alichokuwa akilala, nikafunga mlango, na ufunguo nikaufundika kwenye pindo la kanga.

Basi kila alasiri Tunu akishavua sare anabonyeza. Mimi nachambua mchele uani, namsikia mwanangu: "Kitendawili!" Na mjukuu wangu: "Tega!"

"Nimesafiri na mzigo kichwani tangu alfajiri, wala shingo hainiumi."

Ni nywele, na Tunu alijua zamani. Alijitia kushindwa ili adaiwe mji. Mara ampe Mwanza, mara Makka, siku moja alimpa Ulaya yote. Na Shamimu, kwa kuwa ni maneno yaliyokwisha kurekodiwa, hujibu yale yale: "Nimeupokea. Nimekwenda, nimefika."

Nilikuwa napona kwa sauti ile, sifichi.

Kisha siku moja kompyuta ikaandika kwamba inajisasisha, isizimwe. Ikazunguka weee, ikajizima yenyewe, ikajiwasha. Tunu akabonyeza. Sura ya mama yake ikatokea kama kawaida, midomo inacheza, sauti hakuna. Nilibonyeza kila nilichoweza kukibonyeza. Hakuna.

Nilidhani mtoto atalia. Hakulia. Aliinamisha kichwa kidogo kama mtu anayeitwa, akashuka kitini, akaelekea ukumbini. Nikabaki mimi na mwanangu, anasema na kiti kitupu.

Ikawa hivyo kila siku. Anabonyeza, anaondoka. Nikasema moyoni, kazira, mwache. Mpaka alasiri moja nikamfuata, nikamkuta amechuchumaa kwenye mlango wa chumba cha mama yake, sikio kwenye ubao.

"Unafanya nini hapo, bibi yangu?"

"Nimempa Urambo," akasema.

Nikamuuliza jana alimpa wapi. Kaliua. Kabla ya hapo? Malagarasi, na mwanzo kabisa Uvinza. Akanitazama kwa furaha ya mtoto anayeona sikukuu inakaribia.

"Kesho nampa Tabora, bibi. Aje."

Nikaipanga miji ile kichwani. Ndiyo njia hasa. Ndiyo waliyoijia wapagazi na meno ya tembo mabegani, ndiyo inayopita treni mpaka leo, na mtu atokaye Ujiji kuja kwetu hana nyingine. Nikaweka sikio langu bovu pale alipoweka lake. Ndani ya chumba kilichofungwa, chini kwa chini, nikamsikia mwanangu akisema: "Nimefika."

Ufunguo nilikuwa nao kiunoni, mkono ukakataa. Nikasoma Ayatul Kursi, nikambeba mtoto nikaenda kukaa naye barazani mpaka watu wakatoka kuswali Magharibi.

Asubuhi, Tunu akiwa shule, nikamwita Octavian, fundi wa simu na kompyuta wa barabara ya pili. Alinipa shikamoo yangu, akauliza ugonjwa wa kompyuta, nami nikasema haina sauti. La chumbani sikumwambia. Akapandisha sauti, ikawa imeshapanda. Akaizima akaiwasha. Akachomeka visikilizio akachomoa, akainama kuitegea sikio, akasema labda nimeigombeza sana. Mwisho akafungua mahali inapoonyesha sauti inapelekwa wapi.

"Bibi, inatoa sauti. Ila haitolei hapa. Kuna spika nyingine humu ndani?"

Nilimfungulia mwenyewe. Ilikuwa juu ya kabati, spika ya duara iliyokuja na vitu vya Shamimu, kwenye chaji niliyoichomeka siku ya kupanga vitu ili isije ikafa. Kitaa chake cha buluu kinawaka. Octavian akanieleza kwamba kompyuta ikishajisasisha mara nyingine husahau ilichozoea, ikashika kitu ilichowahi kukijua. Akairudisha sauti mahali pake, akaizima spika. Nilicheka mpaka nikashika ukuta. Nikampa spika aende nayo, aiuze, aivunje, nisiione.

Alasiri Tunu akabonyeza. "Kitendawili!" Sauti safi kama zamani.

Tunu hakuitikia. Alisikiliza kwa adabu, kama anavyosikiliza wageni.

"Huyu ni wa kompyuta tu, bibi," akasema. Akashuka, akaenda ukumbini.

Nilifunika kompyuta ili nyumba iwe kimya kabisa, nikamfuata. Alikuwa keshakaa pale mlangoni.

"Tega," akauambia ubao.

Nikafungua mlango. Kitanda, kabati, na duara safi katika vumbi mahali ilipokuwa spika. Tunu akaingia, akasimama akitazama pembe ya chumba, kule kwenye mkeka uliokunjwa.

"Anasema nimpe mji."

Mimi sikusikia kitu. Lakini nawaambia, neno Tabora lilikuwa kwenye ulimi wangu pia. Nani alimtaka kuliko mimi? Nikamtazama mtoto alivyojiandaa, ameshachana nywele. Akiita na asije mtu, atakaa kizingitini miaka. Na akija, atakuja vipi yule aliyekwisha fukiwa?

Tunu akafungua kinywa. Nikamuwahi.

"Nakupa Ujiji," nikasema.

Mtoto akageuka kunitazama, kisha akairudia pembe. Alisikiliza sana.

"Anauliza kwa nini, bibi. Anasema ametembea mno."

Nikakaa kitandani.

"Mwambie arudi akapumzike. Mwambie sisi ndio tutakaokwenda kwake, mimi na wewe. Asitufuate."

Akamwambia, kwa sauti ndogo, neno kwa neno. Tukangoja. Upepo haukuwapo, wala gari barabarani.

"Amesema tusichelewe," akasema Tunu, akanishika mkono tukatoka.

Ijumaa tukapanda basi la Kigoma, kwenda Ujiji, na vidonge vyangu vya presha mkobani. Tunu alikaa dirishani. Tulipoipita Urambo, akajiinua kitini akapunga mkono, kama unavyompungia mtu unayempita njiani, anayekwenda uendako wewe, ila yeye kwa miguu.

Nilivuta pazia, nikamwambia akae vizuri.