Mashine ya Kuchanja Kuni na Mke Mwenza wa Mama

Mama huliita trekta la baba "mke mwenzangu". Husema hivyo bila chuki. Ameishi nalo miaka mingi, na anajua kwamba mvua ikianza ghafla, turubai haitafutwi kwa ajili yake.

Asubuhi za baridi trekta hilo haliwaki mpaka lioge. Baba huchemsha sufuria kubwa ya maji, akayamimina taratibu kwenye rejeta na juu ya injini, huku akilinong'oneza maneno ambayo mama anasema yeye hajawahi kuambiwa. Ndipo linakohoa, linatoa moshi mweusi, na siku yetu inaanza.

Kazi yetu ni kuni. Baba alikuwa akichanja magogo ya mikaratusi kwa shoka na kumuuzia mwoka mikate. Mwaka huu bega lake la kulia likagoma. Hakuweza hata kutundika koti kwenye msumari nyuma ya mlango. Alilitupia kwenye kiti na kujifanya ndivyo alivyotaka. Daktari alimwambia akiendelea na shoka, mkono huo hautapanda tena. Baba alimshukuru sana, akarudi nyumbani, akachukua shoka.

Kaka yangu, fundi wa kuchomelea, akaamua inunuliwe mashine ya kuchanja kuni. Mimi nikapewa kazi ya kuichagua kwa sababu nimesoma chuo. Nilisomea ukutubi, lakini hilo halikumsumbua mtu.

Dukani zilikuwapo mbili. Moja ilikuwa na injini yake ya petroli: unavuta kamba, inawaka. Nyingine haikuwa na injini. Ilifungwa nyuma ya trekta na kuendeshwa na shafti ya trekta lenyewe. Zote zilikuwa na kabari nene ya chuma inayosukumwa ndani ya gogo mpaka lipasuke.

"Hii ya petroli haina maneno," kaka alisema. "Halafu lile trekta tunaliuza chuma chakavu. Litakuwa na kazi gani tena?"

 Baba alianza kusoma kwa makini bango la mbolea.

"Mzee wangu," muuzaji alimwita, "trekta lako lina nguvu?"

"Likiwaka, mtaa mzima unajua."

"Unajua kwa moshi," kaka akasema.

"Lakini linawaka vizuri?" muuzaji akauliza.

"Likishaoga," baba alijibu.

Muuzaji akanigeukia mimi. "Dada, mzee anasema linaoga?"

Wote watatu wakanitazama. Mimi nikitazamwa hivyo husahau hata chumvi niliyotumwa. Jibu la busara nililijua. Lakini nilimwona na baba, ambaye tangu bega lianze hakuna aliyemuuliza chochote isipokuwa kama linauma.

"Ya trekta," nikasema.

"Umesemaje?" kaka akauliza.

"Ya trekta. Inadumu." Ushahidi sikuwa nao.

"Hicho chuo," kaka akasema, "walikufundisha au walikufuga?"

Njia nzima ya kurudi, baba alimweleza kaka faida za kumsikiliza mtu aliyesoma.

Mashine ilifanya kazi vizuri mno. Magogo yaliyokuwa yakimtoa baba jasho yalipasuka kama mkate wa jana. Baba alicheka peke yake mchana kutwa, na jioni kuni zote zikapakiwa kwenda kwa mwoka mikate.

Kesho yake alfajiri nikasikia ko! ko! nyuma ya nyumba. Nilitoka mbio. Baba alikuwa na shoka.

"Baba! Daktari alisema nini?"

"Alisema nisichanje kuni za kuuza."

"Hakusema za kuuza."

"Hizi ni za kuchemshia maji ya trekta."

"Trekta la kufanya nini?"

"Kuendesha mashine."

"Mashine ya nini, baba?"

 Shoka lilining'inia mkononi.

"Ya kuchanja kuni," akasema polepole, kama mtu anayesomewa hukumu.

Mlangoni mwa jiko mama alicheka mpaka akashika ukuta. "Kwa hiyo tumenunua mashine ili uamke mapema zaidi!"

Mimi sikucheka. Machozi yalinilengalenga, maana aliyeichagua ni mimi.

"Jioni, kabla hujalizima," nikasema, "lichanje na za kwake."

Baba alinitazama, kisha akalitazama trekta. "Lichanje za kwake," alirudia. Wazo lilimpendeza, nadhani kwa sababu trekta lingepata kazi nyingine.

"Basi nipe shoka," nikamwambia.

Alinipa. Nilipiga mara chache, mama akaninyang'anya kabla sijapoteza kidole.

Tangu hapo, kila jioni trekta hunguruma likijitayarishia kuni za maji ya asubuhi. Kaka, ambaye anajua dizeli inavyoliwa, amekataa kulizungumzia.

"Angalau mke mwenzangu anajichanjia kuni za kuogea," mama humwambia baba. "Wewe mwenyewe unachemshiwa."

Juzi baba aliingia ndani akilalamika kwamba shafti inapiga kelele. Akavua koti, akalitundika kwenye msumari nyuma ya mlango, akaendelea kulalamika. Mimi na mama tulitazamana. 

"Enhe," mama akamuuliza, "hiyo shafti imefanyaje?"