Siri Yangu ni Mwiko

Salsa ya bibi ilikuwa rojo tu la nyanya, baridi, la kuchovyea mkate. Lakini tangu tumzike, mama alikuwa anakula kwa kulazimishwa, ameinamia cherehani yake mpaka sahani inapoa, na kitu pekee alichowahi kusema anakitamani ni hiyo salsa. Alikuwa ameanza kupunguza magauni yake mwenyewe kiunoni, akidhani sioni. Niliogopa.

Nikaingia jikoni. Nyanya zilikuwa za kopo, maana bibi alifanya kazi kwenye kiwanda cha kusindika nyanya na hakuziamini nyingine. Kitunguu, saumu, pilipili, ndimu, giligilani na chumvi: hivyo kila aliyekula kwake alivijua kwa ulimi. Nikatia vyote kwenye blenda. Mama akaonja, akaweka kijiko chini, akasema nzuri. Mama akisema "nzuri" bila kukuangalia, ujue umetwanga maji kwenye kinu.

Nikarudia. Nikachoma pilipili kwanza, nikachuja maji ya kopo, nikayarudisha, nikakamua ndimu hadi meno yakaingia ganzi. Wapi. Ilikuwa sosi, haikuwa ya bibi.

Mimi nikishikwa na swali hata chai hainipiti kooni. Nikamfuata mama kwenye cherehani, nikamuuliza kama kweli maisha yake yote hakuwahi kumuuliza mama yake siri ni nini. Akaniambia waliuliza, yeye na mama mkubwa, walipokuwa wasichana wadogo. Hawakurudia.

"Kwani alijibuje?"

"Alisema, 'Siri yangu ni mwiko.' Na mwiko wenyewe ameuinua juu hivi. Tukajua tukiuliza tena utatua mgongoni. Likishakuwa mwiko, mwanangu, unaliacha."

Nikacheka, halafu kicheko kikakatika. Nikamwomba aseme tena maneno ya bibi, polepole. Akayasema, na safari hii mguu wake ukasimama juu ya kanyagio la cherehani. Hata yeye aliyasikia.

Mwiko huo ulikuwa humo humo ndani. Ulikuja na vyombo vya bibi, na kwa kuwa dirisha la jikoni halina komeo, tuliukingamisha pale lisipigwe na upepo. Nikauchomoa, dirisha likajibamiza. Kichwa chake kilikuwa kimeungua upande mmoja na kulika upande wa pili, kikawa bapa la kupondea. Nikaunusa. Saumu na pilipili za miaka zilikuwa zimelala ndani ya mti.

Nikausuuza kwa maji matupu, blenda nikaipa likizo. Nikaponda saumu na pilipili kwenye bakuli kwa lile bapa, nikafuatisha nyanya, nikaziacha na mabonge yake. Mengine yote yalikuwa yale yale.

Mama alikuja mwenyewe, sikumwita. Akakata mkate, akachovya, akatafuna. Akachovya tena. Machozi yalikuwa yanamtoka na hakuacha kula. Nilifurahi mpaka nikakosa pa kuweka mikono.

Alipofika katikati ya bakuli akauchukua mwiko, akaugeuza geuza.

"Tulimwita mchoyo," akasema. "Mimi na dada yangu, mpaka tunamzika. Kumbe alitujibu siku ile ile."