Safu ya Waliosikika

Mume wangu hajawahi kujua tofauti ya kanga na bata. Kwa hiyo aliporudi na darubini shingoni, akasema amejitolea kuhesabu ndege wa uani, robo saa kila asubuhi kabla ya kwenda kuendesha basi la shule, nilijua hapa kuna jambo.

Ua wetu unatazamana na dirisha la fundi cherehani, mjane mcheshi anayeshona dirisha likiwa wazi. Miaka ishirini na sita ya ndoa, leo ndiyo mtu anakumbuka shomoro! Nikameza hasira, nikajifanya naosha vyombo.

Siku ya nne, akiwa anaoga, nikaifungua fomu aliyopewa na wenzake wa kujitolea. Kila ndege aliandikwa jina na idadi, kisha alama katika safu moja kati ya mbili: aliyeonekana, au aliyesikika tu. Shomoro sita, wamesikika. Hua wawili, wamesikika. Kunguru, amesikika. Safu ya walioonekana ilikuwa nyeupe pe.

Damu ikanichemka. Mtu ana darubini na hajaona hata ndege mmoja? Masikio kayaacha kwetu, macho kayapeleka kwa jirani.

Kesho yake niliketi naye uani, nimfumanie. Darubini ilielekea kule kule. Fundi akatokea dirishani, akampungia mkono. Mume wangu hata hakutikisika. Nikasema moyoni, wameniona, sasa wanajifanya hawajuani.

Mara yangeyange akatua juu ya ukuta, mkubwa, mweupe, kimya. Nikasubiri aandikwe. Wapi!

"Na huyo je?" nikamuuliza.

"Yupi?"

"Huyo hapo ukutani."

Akahamisha darubini huku na huko, akaishia kwenye paa. "Aa, nimemwona. Shomoro, siyo?"

Wivu wote ukanitoka, nikabaki na hofu.

"Baba watoto, tangu lini?"

Akaivua darubini taratibu. "Miezi mitatu hivi. Ya karibu nayaona. Ya mbali ni ukungu mtupu."

"Sasa ndege wa nini?"

"Nilikuwa najipima, mke wangu. Kila asubuhi najiambia, leo nikimwona hata mmoja, naenda kazini."

"Umemwona hata mmoja?"

Akaifunika fomu kwa kiganja.

"Na kazini unakwenda!"

"Njia naijua kwa moyo. Umebaki mwaka mmoja tu nistaafu. Usiniharibie."

Basi lile hubeba watoto thelathini na wawili, na mjukuu wetu hukaa kiti cha nyuma yake. Mimi nimekuwa nikipekua mashati nitafute nywele za mwanamke, na asubuhi zote hizo nimempandisha mtoto kwa mikono yangu, nikamwambia amsikilize babu. Nilimkasirikia mume wangu, na nilijikasirikia mimi zaidi.

Nikatia funguo za basi mfukoni, nikachukua simu, nikatafuta namba ya mwalimu mkuu.

"Nipe," akasema. "Niache niseme mwenyewe."

Nilisita, kwa sababu sikumwamini tena. Kisha nikampa.

Simu ilipopokelewa hakusalimia. "Mwalimu, leo tafuta dereva mwingine. Macho yangu hayaoni barabara." Akarudia tena, kwa sauti, kana kwamba mwalimu hakusikia. Halafu akalia, na mimi nikamshika mkono, nikiwa bado na hasira.