Ng'ombe wa Tano

Kiti cha kushoto cha Pijo, pikapu ya Malimi, kilikuwa kimebeba kila kitu isipokuwa mwenyewe. Kilibeba madumu ya mafuta, magunia ya mbegu za pamba, mbuzi aliyefungwa miguu, na mara moja padri wa Maswa aliyelala njia nzima mdomo wazi. Esteria, mke wa Malimi, alikuwa hajakikalia tangu mvua za mwaka uliotangulia. Akiwa na safari, alipanda basi. Basi lisipokuwapo, alitembea. Malimi akimkuta njiani alisimamisha gari, akafungua mlango wa kushoto na kungoja. Esteria alimsalimia kwa adabu, kama anavyosalimiwa mkwe, kisha akaendelea na njia yake.

Watu wa Bariadi waliliona hilo. Hawakusema mbele yake.

Jambo lenyewe lilitokea katika mbuga iliyo kati ya Maswa na Lalago. Kiangazi, udongo wake mweusi hupasuka nyufa za kuingiza mkono mpaka kiwiko. Mvua ikinyesha, udongo huohuo huteleza kama mlenda na kunata kama ulimbo, vyote kwa wakati mmoja. Wenyeji wa pale wana mashamba mawili: la pamba, na la magari. Asubuhi ya mvua hufunga maksai wanne kwenye nira, wakasimama kando ya barabara kama watu wasio na haraka, wakingoja gari linase.

Malipo hayakuwa tatizo. Tatizo lilikuwa jina. Dereva aliyevutwa na maksai aliitwa ng'ombe wa tano, kwa sababu wanne walikuwa tayari wamefungwa. Wanawake waliokuwa wakipalilia waliinua majembe wakaimba, na wimbo ukafika stendi ya Bariadi kabla ya gari. Sylvester, dereva wa lori, aliitwa hivyo miaka miwili mfululizo, mpaka akahamia Mwanza.

Malimi alikuwa hajavutwa na maksai hata siku moja. Dawa yake ilikuwa mwendo. Akiiona mbuga mbele alikanyaga mafuta, gari likaruka juu ya tope kabla tope halijajua kuna gari. Madereva wengi walifanya hivyo, na yeye kuliko wote. Siku ile, Esteria akiwa kando yake, aliwaona maksai wamesimama, akawaona wanawake wameshaegemea majembe wakisubiri, akakanyaga zaidi. Pijo iligeuka ubavu, ikateleza taratibu kabisa, kama mlevi anayetafuta kitanda, ikalala mtaroni upande wa kushoto. Hata hapo iliinuliwa na abiria wa lori lililokuwa likipita, si na maksai.

Kiwiko cha Esteria kilikuwa kati ya mlango na kiti. Mkono ulipona, lakini haukunyooka tena. Tangu hapo alishika ndoo kichwani kwa mkono wa kulia tu, na watoto aliwabembeleza kwa kuwalaza katika ile kona ya mkono uliopinda, kana kwamba ulitengenezwa kwa kazi hiyo. Hakumlaumu mumewe. Angemtukana, Malimi angejua pa kuanzia.

Mwezi wa kwanza mvua zikiwa zimekaza, habari zilikuja kutoka Lalago. Ng'washi, mama yake Esteria, macho yake yalikuwa yanaziba. Jicho moja lilikuwa limekwisha. Alitaka kumwona binti yake wakati bado anaweza kumwona.

"Nitakupeleka," Malimi alisema jioni ile.

Esteria alikuwa anachambua choroko. "Basi litanifikisha Maswa. Toka pale nitatafuta baiskeli."

"Baiskeli ipi ya kupita mbuga ile? Utaibeba wewe."

"Basi nitaibeba."

"Nitaifungia Pijo tairi nzuri, Mama Lucy."

Esteria alitupa jiwe dogo alilolikuta kwenye choroko. "Haikuwa tairi, Baba Lucy," alisema, akaendelea kuchambua.

Zamani, mtu akitaka tairi aliandika maombi, akapata kibali cha mkoa, akangoja mpaka gari likasahau kutembea. Sasa biashara ilikuwa imefunguliwa, na tairi kuukuu za Ulaya zilirundikwa sokoni kama viazi. Januarius, aliyekuwa akiuza chumvi, alikuwa ameacha chumvi. Alimpokea Malimi kwa mikono miwili na kumwonyesha rundo lililokuwa chini ya bati.

"Hizi ni za magari madogo ya Ulaya, zinaingia kwenye Pijo kama kofia. Angalia meno yake. Unaona barabara nyingine inayostahili meno kama haya zaidi ya yetu?"

Malimi aliinama. Mifereji ya tairi ilikuwa mipana na mirefu, na juu ya kila jino palikuwa na tundu dogo la duara. "Na haya matundu?"

"Ya kupumulia," alisema Januarius bila kupepesa. "Mpira nao unapata joto."

Chini ya Land Rover iliyoegeshwa jirani, mtu alicheka mpaka spana ikamponyoka. Alikuwa Joakim. Chama cha ushirika kilikuwa kimempeleka Polandi kusomea ufundi wa magari, kikamrudisha, kikamtumia, na kilipoishiwa nguvu kikampunguza. Sasa alitengeneza magari kando ya soko. Alitoka chini ya gari akijifuta mikono.

"Januarius, siku moja utamuuzia mtu tairi lenye mapafu. Ndugu yangu, humo mlikuwa na misumari."

"Zilitobolewa?"

"Wenye magari kule waliipigilia wenyewe. Misumari mifupi, vichwa nje. Hizi ni tairi za theluji. Barabara ikifunikwa na barafu, msumari unauma chini."

"Sisi tukipata msumari mmoja tunamwita fundi," alisema Malimi.

"Huko unamlipa fundi auweke."

Hata Januarius alicheka. Joakim alichuchumaa kwenye rundo, akaanza kuchagua kama mama anayechagua nyanya. Alibonyeza mpira kwa ukucha: mpira wa kawaida, alisema, kwenye baridi kali unakuwa mgumu kama kwato, lakini huu hubaki laini, ndiyo sababu hushika. Alikunja ubavu wa tairi kutafuta nyufa. Alichomeka njiti ya kiberiti katika mifereji. Kichwa kisipozama chote, alilitupa tairi kando. Akamwonyesha Malimi mshale uliochorwa ubavuni. "Lizunguke hivi. Ukilifunga kinyume, badala ya kutapika tope litakuwa linalimeza. Na kiangazi uzivue. Kwenye changarawe ya moto zitaisha kama sabuni."

"Nipe mbili za nyuma," alisema Malimi. "Ndizo zinazosukuma."

"Za mbele zinafanya kazi gani?"

"Zinafuata."

Joakim alimtazama. Habari za mtaro alizijua, kama kila mtu. "Za mbele ndizo zinazoelekeza. Zikikosa pa kushika, wewe utakata usukani na gari litaenda linakotaka lenyewe. Nne, za aina moja. Au endelea na hizo vipara ulizonazo."

Ilibidi redio ya Pijo ibaki kwa Januarius ndipo zikapatikana nne.

Walipokuwa wakizifunga, Malimi aliuliza, kwa sauti ya mtu anayeuliza habari za mwingine, kama theluji inateleza kuliko mbuga.

"Ni ndugu," alisema Joakim. "Moja nyeusi, moja nyeupe. Juma langu la kwanza kule niliingiza lori kwenye duka la mikate. Nilikanyaga breki."

"Bila breki ungesimamaje?"

"Kwa kuamua mapema." Joakim alikaza nati. "Unaondoka na gia ya pili, taratibu. Hukanyagi kitu kwa ghafla, iwe mafuta au breki. Matako ya gari yakikimbia, ondoa mguu, elekeza usukani yanakokwenda, usishindane nayo. Na mahali usipopaamini, unashuka na kupatazama kwa miguu. Mzee aliyetufundisha alikuwa hivyo. Tulimwona mwoga. Wajasiri tuliwatoa mitaroni kila siku."

Malimi alirudi nyumbani bila redio, na gari likawa kimya hata akasikia tairi mpya zikinong'ona kwenye lami ya mjini.

Kesho yake mvua ilinyesha tangu alfajiri. Malimi alikuwa amesimama chini ya paa akimtazama mkewe akirudi kisimani, ndoo kichwani, mkono mmoja tu umeishika. Njia ilikuwa utelezi mtupu. Jirani yao, Felisita, aliyekuwa mbele, aliharakisha ili awahi kufika, akateleza na kumwaga maji yote. Esteria hakuharakisha wala hakusimama. Alikanyaga kwa unyayo mzima, hatua fupi, na kila hatua aliikabidhi uzito pale tu ilipokwisha kushika. Alipofika pabaya aliacha njia mapema, akazunguka kwenye nyasi. Maji ndani ya ndoo hayakutikisika.

Miaka yote ya ndoa Malimi alikuwa ameyanywa maji hayo. Hakuwa amewahi kuangalia yanavyofika.

Waliondoka Jumamosi. Malimi alikuwa amefuta kiti cha kushoto na kukitandika kitenge. Esteria alikiangalia kitenge, akalizunguka gari, akapanda nyuma kwenye bodi, kando kabisa ya mlango wa nyuma, na kikapu chake mapajani.

"Mvua itakunyeshea," alisema Malimi.

"Nikitaka kuruka, niruke."

Mpaka Maswa barabara iliwavumilia. Baada ya hapo mawingu yalishuka, na mbuga ikajitandaza mbele yao, nyeusi, yenye kung'aa. Mguu wa kulia wa Malimi ulimwasha. Ulitaka kukanyaga kama ulivyozoea. Mwili mzima ulijiandaa kwa kishindo. Aliuondoa mguu kwenye mafuta kabla ya tope, akaingiza gia ya pili na kuingia kama mtu anayeingia kwenye chumba alimolala mgonjwa. Tairi za theluji ziliuma. Alizisikia zikitapika udongo nyuma, zikiuma tena. Mara moja matako ya gari yalikimbia kushoto. Aliondoa mguu, akaelekeza usukani kulekule, na gari likajirudi lenyewe. Kwenye kioo alimwona Esteria ameshika ubao wa bodi kwa mkono mzima, akitazama nyuma walikotoka.

Kisha alipaona mahali penyewe. Lori fulani lilikuwa limechimba katikati ya barabara, pakawa na madimbwi mawili marefu na mgongo mwembamba kati yake, na mgongo huo uliinamia mtaroni. Ng'ambo, maksai wanne walikuwa wamesimama wakicheua. Wanawake shambani waliinua vichwa, mmoja baada ya mwingine.

Kwa tairi zile angeweza kupita. Alilijua hilo kama anavyojua jina lake. Labda angepita.

Malimi alisimamisha gari kabla ya madimbwi, akalizima, akashuka na kuvua viatu. Alitembea juu ya ule mgongo kwa unyayo mzima, hatua fupi. Mguu wake wa kushoto uliteleza mara moja, kisha mara ya pili, kila mara kuelekea mtaroni. Alisimama akautazama mtaro. Nyasi zilikuwa zimeota, hapakuwa na alama ya pale Pijo ilipolala. Akaendelea mpaka ng'ambo.

"Mwangaluka, baba," alimsalimia mwenye maksai, mzee mwenye koti la mvua lisilo na mikono.

"Mwangaluka. Mimi Mwandu. Gari yako imenasa?"

"Haijanasa."

Mwandu alilitazama gari, akamtazama mtu asiye na viatu. "Sasa?"

"Nataka univute kabla haijanasa."

Mzee alikuwa amevuta magari tangu baba yake akiwa hai, na ombi kama hilo hakuwa amelisikia. "Nyie watu wa Bariadi," alisema mwishowe, "mnanitafutia mgogoro na hawa wanawake. Wataimba nini?"

"Wataimba walivyozoea."

"Si wewe yule aliyepita hapa mwaka jana kama swala?"

"Ndiye mimi. Sikupita."

Mwandu alitikisa kichwa, akawaamsha maksai kwa mluzi. Mnyororo uliburutwa matopeni na kufungwa mbele ya Pijo. Shambani majembe yalikuwa yameshainuka. Sauti moja nyembamba ilianzisha, nyingine zikadaka, na jina likapaa juu ya pamba changa: ng'ombe wa tano, mwenye tumbo la chuma, anayekula petroli na kutoa moshi. Malimi aliusikiliza wimbo wote. Ulikuwa mzuri kuliko alivyodhani.

Alipokaa kwenye usukani, alisikia mlango wa nyuma ukifunguliwa na miguu ikitua chini. Akajua Esteria ameamua kutembea. Hakugeuka. Angemngoja ng'ambo, kama alivyozoea kungoja.

Mlango wa kushoto ulifunguka. Esteria aliweka kikapu sakafuni, akakunja kitenge cha kwenye kiti, akakaa.

"Wanne hawatoshi," alisema. "Twende."

Mwandu alipiga mluzi. Nira zilikaza, mnyororo ukanyooka, na Pijo ikaanza kusogea polepole nyuma ya mikia minne, juu ya ule mgongo mwembamba. Malimi alishika usukani kwa vidole tu. Wanawake walifika kwenye kiitikio, na pembeni mwake, kwa sauti ya chini ya mtu anayechambua choroko, alisikia mtu akiitikia pamoja nao. Alitupa jicho kushoto mara moja. Ule mkono uliopinda haukuwa umeshika mlango. Ulikuwa umelala mapajani, umekaa kama unavyokaa ukimngoja mtoto.